Je, nilimharibia mdogo wangu mguu kwa kumfunga mpira?

*"Ninauza chakula kituoni, barabara ya Morogoro. Wiki saba zilizopita mdogo wangu, dereva wa bodaboda, aligongwa na gari hatua chache kutoka kwenye banda langu. Mfupa wa mguu chini ya goti ulikuwa umetokeza nje na damu inaruka. Alizimia kidogo akazinduka. Nilichukua mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki yake, nikamkaza juu ya goti, nikafunika kwa kanga. Vijana wakamshika mikono na miguu, wakamkalisha kwenye gari la Noah, mmoja akampa maji. Tulifika hospitali baada ya kama saa moja. Nesi akafoka: nani kafunga mpira huu, mnataka akatwe mguu? Na kwa nini hamkusubiri ambulansi? Sasa amewekewa vyuma, mguu upo, ila upande wa juu karibu na vidole una ganzi, na vidole havinyanyuki. Mama anasema ni ule mpira. Naomba ukweli: ni mimi?"*

Dada yangu, pole kwa yaliyokukuta, na pole nyingine kwa maneno mliyopokewa nayo. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye chumba cha dharura kwa miaka mingi, na nakiri kwamba na mimi nimewahi kuwafokea ndugu wa mgonjwa kwa jambo ambalo baadaye niliona walifanya vizuri kuliko nilivyodhani. Zamu ya usiku, mgonjwa wa tisa, damu sakafuni, na mdomo hutangulia akili.

Ukweli ulioutaka ni huu. Kwa jinsi ulivyoeleza, huenda ule mpira ndio uliomfikisha mdogo wako hospitali akiwa hai. Ganzi yake inaelekea zaidi kutokana na ajali yenyewe, ingawa siwezi kuuondolea mpira lawama yote bila kumpima. Kuhusu ambulansi niko upande wenu. Namna mlivyombeba ndiyo nina neno nayo.

Nianze na damu. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita tano, yaani dumu moja la mafuta ya kupikia kama hayo unayonunua. Akichangia damu huchukuliwa karibu nusu lita, anakunywa soda na kurudi nyumbani. Ikitoka lita moja na nusu mambo hubadilika: moyo unakimbia, ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, anaanza kuhangaika na kuongea ovyo. Kijana mwenye afya ana hila mbaya hapa. Mishipa yake hujibana kwa nguvu, na kwa muda anaonekana yuko sawa, anaongea, anaulizia pikipiki yake iko wapi. Kisha anaanguka ghafla, na akishafika hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Damu inayoruka, kama uliyoiona, inatoka kwenye mshipa unaosukumwa moja kwa moja na moyo, na mshipa mkubwa wa mguu ukikatika unaweza kumaliza mtu kwa dakika chache tu. Ndiyo maana damu ya namna hiyo hutangulia kila kitu, hata shingo, hata huo mfupa uliotokeza ambao ndio watu wote walikuwa wakiutazama.

Ile kanga uliyomfunika nayo ilifanya kazi ambayo pengine hukuikusudia. Damu ikipoa haigandi vizuri, na isipoganda inaendelea kutoka, na ikiendelea kutoka mwili unazidi kupoa. Majeruhi anayevuja damu anafunikwa hata kwenye joto la Pwani, mchana kweupe.

Sasa hofu ya kukatwa mguu. Haikuzuka hewani. Wapo wanaoletwa kutoka vijijini wakiwa wamefungwa kamba tangu asubuhi kwa sababu ya kung'atwa na nyoka (kosa kubwa: jeraha la nyoka halifungwi kwa kukaza), na wanafika jioni mguu umekuwa mweusi. Nesi akishaiona miguu miwili mitatu ya namna hiyo, kila mpira anaokutana nao humkumbusha ile. Lakini wewe hukufunga kwa nusu siku. Mguu uliozuiwa damu kwa kawaida huvumilia hadi kama saa mbili bila madhara ya kudumu. Ninyi mlitumia saa moja.

Utafiti uliobadilisha fikra zetu ulitoka vitani. Mwaka 2006, katika hospitali ya kijeshi ya Marekani mjini Baghdad, walifuatiliwa majeruhi 232 waliofungwa mikono au miguu kwa kukazwa ili kuzuia damu. Hakuna hata mmoja aliyekatwa kiungo kwa sababu ya kufungwa peke yake. Waliofungwa mapema, kabla mwili haujazidiwa na upotevu wa damu, karibu tisa katika kila kumi walipona. Waliofungwa wakiwa wameshazidiwa, alipona kama mmoja katika kumi. Na kuna kipengele kinachokuhusu wewe hasa: wanne kati yao walipata udhaifu wa neva pale kilipokaza kifungo, na kwa wote wanne ulikuwa wa kupita. Sita walipata udhaifu wa neva pale lilipokuwa jeraha lenyewe. Mwambie mama hesabu hiyo, taratibu, siku akiwa ametulia.

Hata hivyo mpira si kifaa kizuri, na sababu zake ni mbili. Kwanza ni mwembamba, kwa hiyo nguvu yote inakaa kwenye mstari mmoja na kubana neva vibaya. Kitambaa kipana kama vidole vitatu hugawa nguvu hiyo. Pili, na hili ndilo linaloua, mpira ukikazwa nusu nusu unaongeza damu badala ya kuizuia. Mishipa inayorudisha damu moyoni iko karibu na ngozi na haina nguvu. Inayoleta damu iko ndani na ina nguvu. Ukifunga kwa huruma unaziba mlango wa kutokea na kuuacha wa kuingilia wazi, mguu unavimba na jeraha linabubujika zaidi. Kipimo ni kimoja: damu iache kutoka. Ataumia, atapiga kelele, atakuomba ulegeze. Usilegeze. Yale mafundisho ya zamani ya kulegeza kila baada ya robo saa "ili mguu upate hewa" yasahau kabisa, maana kila ukilegeza anapoteza damu upya na donge lililoanza kuganda linang'oka.

Turudi kwenye ganzi. Neva inayonyanyua unyayo na vidole hupita upande wa nje wa goti, inazunguka kichwa cha mfupa mwembamba wa muundi, na pale imefunikwa na ngozi tu. Ni rahisi kuumia. Bampa la gari linaweza kuigonga, mfupa uliovunjika ukaikwaruza, uvimbe ukaibana, hata plasta iliyokaza au kulala muda mrefu na mguu umegeukia nje kunatosha. Dalili zake ni ganzi upande wa juu wa mguu na vidole kutonyanyuka, na hayo ndiyo hasa uliyoandika. Mpira uliobana paja lote ungetegemewa zaidi kusumbua na neva ya nyuma: unyayo chini ungekufa ganzi, na nguvu ya kukanyaga ingepungua. Fanya jaribio. Weka kiganja chako chini ya unyayo wake, mwambie akanyage kama anakanyaga breki. Kisha pitisha pamba kwenye nyayo, macho yake yakiwa yamefumba. Akikanyaga kwa nguvu na akiihisi pamba, basi tatizo liko kwenye ile neva moja ya kando ya goti, na mpira wako unazidi kusogea mbali na kesi. Jibu lolote utakalopata, mpelekee daktari. Jaribio la nyumbani halitoshi.

Wiki saba ni mapema kukata tamaa. Neva iliyobanwa tu bila kukatika inaweza kuamka ndani ya wiki au miezi michache. Iliyokatika nyuzi za ndani huota upya kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku, sentimita tatu kwa mwezi. Pima mwenyewe kutoka goti hadi vidole uone kwa nini tunazungumzia mwaka na zaidi. Wakati huo unyayo usiachwe uninginie. Ukininginia kwa miezi, misuli ya nyuma ya mguu inafupika, na hata neva ikipona mguu haukunjuki tena. Anahitaji kifaa cha kushikilia unyayo na mazoezi ya viungo kuanzia sasa.

Sasa kumbeba, na hapa sitakupamba.

Watu wengi wanaamini kwamba ukimgusa majeruhi kabla ya wataalamu utamkata uti wa mgongo. Hofu hiyo imefanya watu wasimame duara, simu mkononi, huku mtu anakufa kwa damu au kwa kukosa hewa. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliolinganisha majeruhi wa uti wa mgongo wa sehemu mbili: 334 wa jimbo la New Mexico, Marekani, waliofungwa shingo na kulazwa kwenye ubao maalumu, na 120 wa Malaysia, waliofikishwa hospitali bila chochote cha namna hiyo. Waliopata ulemavu wa neva walikuwa wachache zaidi Malaysia. Utafiti huo una mapungufu yake, kwani nchi hizo zinatofautiana kwa mengi, na haumaanishi kwamba kulinda shingo hakuna maana. Unachoonyesha ni kwamba uti mara nyingi huumia palepale kwenye kishindo, kwa nguvu kubwa mno, na kubebwa kwa uangalifu baada ya hapo huongeza kidogo sana.

Lakini kumshika mtu mikono na miguu si uangalifu. Kiwiliwili kinakunjika katikati kama gunia, kichwa kinaning'inia, na mfupa uliovunjika unachoma mishipa iliyokuwa mizima. Kumkalisha ndiko kulikonishtua zaidi. Mtu aliyepungukiwa damu akikalishwa, kichwani damu haifiki, anazimia. Akizimia kidevu kinadondoka kifuani na njia ya hewa inaziba, huku abiria wenzake wakidhani amesinzia. Kukoroma kwa majeruhi si usingizi. Ni ulimi na damu vinaziba koo.

Kilichokuwa kinafaa kilikuwa bandani kwako: benchi la wateja. Benchi, mlango, ubao wowote ulionyooka. Mmoja ashike kichwa pande zote mbili na ndiye atoe amri, wengine watatu wamgeuze mwili wote kwa pamoja kama gogo, ubao uingizwe chini, wamlaze. Viti vya Noah vinakunjwa. Akiwa hana fahamu au anatapika, alale ubavu, kwa kumgeuza vilevile kama gogo, ili matapishi yatoke. Yule kijana aliyempa maji alitaka wema tu, lakini majeruhi anayekwenda kupasuliwa hanyweshwi kitu, na aliyezimia anaweza kupaliwa maji yakaingia mapafuni. Kwa bahati hayakumdhuru, lifungeni hilo.

Ambulansi, basi. Huko Ontario, Kanada, majeruhi wakubwa 2,867 walilinganishwa kabla na baada ya wahudumu wa ambulansi kufundishwa mambo makubwa, kama kuweka mpira wa kupumulia na dripu njiani. Majibu yalitoka 2008: waliopona walikuwa takriban asilimia 81 vipindi vyote viwili. Kwa waliokuwa wamezimia sana hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya mabadiliko. Na mjini Philadelphia polisi kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapakia waliopigwa risasi au kuchomwa visu kwenye magari yao na kukimbia nao hospitali, bila wagonjwa hao kufa zaidi ya wanaobebwa na ambulansi. Kama hali ni hiyo kwenye miji yenye ambulansi kila kona, sioni kosa lenu. Kwetu ambulansi nyingi kazi yake ni kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali kwenda hospitali. Namba 115 ya m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, si ya ajali. Polisi wako 112, na wapigieni huku mkiondoka.

Mimi ningesubiri kwa mtu wa aina moja: yuko macho, anapumua vizuri, havuji damu nyingi, lakini analalamika shingo au hasikii miguu yake, na nina uhakika watu waliofundishwa wanafika ndani ya nusu saa. Huyo mwache alale palepale, mshikilie kichwa, mfunike, ongea naye. Mdogo wako hakuwa huyo.

Na msidhani nyinyi ni vibarua wa muda hadi mfumo wa kweli uje. Kaskazini mwa Iraki na Kambodia, kati ya 1997 na 2001, walifundishwa wasaidizi 135 na wanavijiji zaidi ya 5,000 kuzuia damu na kulinda njia ya hewa, kwenye maeneo ya mabomu ya ardhini ambako hospitali ni safari ya saa nyingi. Vifo vya majeruhi vilishuka kutoka 40 katika kila 100 hadi karibu 15. Ghana ilifundisha madereva wa magari ya abiria na mizigo, 335 kwa awamu moja, kwa sababu walijua ndio wanaofika kwanza. Kituo chenu kina madereva wangapi?

Jambo ambalo nesi alipaswa kukuuliza badala ya kufoka ni saa. Ajali ilitokea saa ngapi, mpira ulifungwa saa ngapi. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa wa majeruhi 20,211 katika nchi 40 kuhusu dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo si ghali na inasaidia donge la damu lisiyeyuke. Inaokoa maisha ikitolewa mapema, hasa ndani ya saa moja. Baada ya saa tatu haisaidii na inaweza kudhuru. Mimi nikiwa na sindano mkononi na hakuna anayejua ajali ilitokea lini, nabaki nakisia. Kwa hiyo anayemsindikiza majeruhi awe yule aliyeona, si yule mwenye nauli, na aseme kwa ufupi: saa, nini kilimgonga, alizimia au la, mmemfanyia nini, amekunywa nini. Mwingine aende polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wawili hao wasingojeane.

Wewe mwenyewe, kama damu yake ilikuingia kwenye mchubuko au machoni, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na muda huo umeshapita. Nenda kapime, usikae na wasiwasi. Siku nyingine vaa glavu, na kama hakuna, hata mfuko wa mkate mkononi ni afadhali kuliko ngozi.

Mpeleke mdogo wako kliniki ya mifupa wiki hii kwa ajili ya unyayo, usingoje tarehe ya kadi kama bado iko mbali, na ueleze wazi kwamba vidole havinyanyuki. Ikifika miezi mitatu tangu ajali bila dalili yoyote ya kuamka, ombeni apelekwe kwa mtaalamu wa neva, kwa sababu kuna matengenezo ambayo yakicheleweshwa sana hayafanyiki tena. Siku hiyohiyo, hata usiku, mrudishe hospitali ukiona usaha au harufu kwenye kidonda, homa, wekundu unaopanda, muundi kukaza kwa maumivu yasiyoshikika kwa dawa, vidole kuwa baridi au vya bluu, au akianza kubanwa na pumzi na kifua. Mfupa uliowahi kutokeza nje huweza kuoza ndani kimyakimya miezi baadaye. Na kwa kuwa hasikii vizuri, kagua mguu kila jioni kama umekatwa au kuungua. Asisogee karibu na jiko lako la mkaa.

Umeniuliza kama ni wewe, na nimeshakujibu. Ila najua kituo kilivyo, na ipo siku mwingine ataanguka hapo. Weka bandani kanga moja kuukuu uliyoichana vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, na kalamu ya wino mzito. Kwanza bonyeza jeraha kwa kiganja na kitambaa, uzito wako wote, dakika kumi bila kuchungulia. Kama ni shimo, shindilia kitambaa ndani. Mfupa uliotokeza usiurudishe, bonyeza pembeni yake. Ikishindikana, au damu inaruka, funga kipande cha kanga upande wa juu wa jeraha, vidole vinne kutoka lilipo kuelekea kiwiliwili, na si palepale kwenye goti au kiwiko, weka mwiko kwenye fundo, funga tena, uzungushe mwiko hadi damu ikome, kisha ufunge usirudi nyuma. Andika saa kwenye paji la uso wake kwa ile kalamu.

Kliniki nendeni na picha zote za eksirei, pamoja na karatasi ya upasuaji inayoonyesha kama daktari aliiona hiyo neva siku ile.